Mwenye Kivuli Ni Mmoja

Chanzo chote ni saa ya mtumba. Fundi viatu wa kijiweni kwetu Magomeni aliinunua ikiwa na ufa kwenye kioo na mishale isiyotembea, lakini usoni imeandikwa Zenith. Na kwa kuwa mimi ndiye mstaafu pekee pale anayesoma gazeti mpaka kurasa za zabuni, nikaulizwa hilo ni dude gani.

Nikakohoa kidogo, nikaanza. Mzungu hapo kaazima kwa Mwarabu, akaharibu njiani. Wanafalaki wa Kiarabu walisema samt ar-ras, njia ya kichwani, yaani ile nukta ya mbinguni iliyo wima juu ya utosi wako. Waliokuwa wakinakili vitabu kwa Kilatini huko Ulaya wakamtupa ras, wakabaki na samt, tena ile m wakaisoma ni. Ikawa senit, baadaye zenith. Waingereza nao wakalipandisha cheo: mtu akifika kileleni mwa mafanikio yake, yuko zenith.

"Ras ni kichwa, hapo hujakosea," akasema Ustadhi, muadhini wetu, ambaye huwa hatoi sifa bure.

Sifa ikanipanda. Nikaongeza kwamba hapa Dar es Salaam jua la utosi, la wima kwelikweli, lipo mara mbili tu kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Siku hiyo ikifika adhuhuri, hakuna mtu mwenye kivuli. Na siku yenyewe ni keshokutwa.

Wakabisha. Ustadhi akakataa kamari isitajwe mbele yake, basi tukaafikiana kwamba atakayeshindwa "atawakirimu" wenzake kahawa na kashata.

Siku ikafika, tukajipanga uwanjani. Saa sita kamili vivuli vipo. Wakaanza kuguna. Nikawatuliza: saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mashariki yetu huko baharini, kwa hiyo jua hutufikia kwa kuchelewa, wasubiri kama dakika kumi. Aliyenielewa ni Ustadhi peke yake, maana kwake adhuhuri haiingii mpaka jua lipinduke, saa iseme itakavyo.

Shida ni wapita njia. Dar huwezi kuinamia miguu yako hadharani bila kuulizwa umeangusha shilingi ngapi. Watu wakajaa. Mmoja, sijui katoka wapi, akaanza kufukua mchanga.

Saa sita na dakika kumi. Mpini wa ufagio tuliousimika: kivuli hakuna. Chupa ya maji: kimeingia chini yake. Dogo wa bodaboda, mwembamba kama njiti ya kiberiti: chake kimejikunja chini ya viatu. Nikanyoosha mikono, nikangoja makofi.

Fundi viatu akanisogelea, akaonyesha miguuni pangu. "Na hiki, Mzee, cha nani?"

Nikainama nitazame. Sikuona kitu, kitambi kimeziba. Na ndicho hicho kitambi kilichotandaza kivuli kizuri cha duara juu ya ndala zangu zote mbili. Nikajitetea kwamba samt ar-ras ni habari ya kichwa, haihusiani na tumbo.

"Ulisema hakuna mtu mwenye kivuli. Kwani wewe si mtu?"

Sijajibu, mtoto mmoja wa shule aliyekuwa akimkodolea macho dogo wa bodaboda akapiga ukelele: "Jini! Hana kivuli!" Umati ukatawanyika. Kila mkimbiaji akitupa jicho chini anakosa na chake, anazidisha mbio. Birika la muuza kahawa likaenda na jiko lake, kashata zikalala mchangani, na yule mfukuaji akakimbia huku amekumbatia ufagio wetu.

Ustadhi akatazama juu, akasema jua limeshapinduka, akaenda zake kuadhini. Muuza kahawa akabaki akihesabu hasara kwa sauti: birika, mkaa, vikombe, kashata, na kahawa ya kijiwe kizima ambayo hakuna aliyeionja. Nikamwambia amdai jini.

Akakitazama kivuli changu, kisha akanitazama mimi.

"Jini si hana kivuli, Mzee? Mwenye kivuli hapa ni mmoja."