Skrini inawaka, uso wa mwimbaji unazimika

Usiku mmoja wa taarab, kwenye ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, nilikaa meza moja na mama wa makamo aliyekuja kumsikiliza mwimbaji anayempenda tangu usichana wake. Mwimbaji akapanda jukwaani. Nyuma yake palikuwa na skrini ya LED, yaani ya vitaa vidogo vya umeme, iliyojaza ukuta mzima: maua yanafunguka na kujifumba, nembo ya mdhamini inapita, ndimi za moto wa kuchorwa zinaruka. Sauti ilikuja safi kabisa. Uso haukuja. Tuliona kivuli chenye umbo la mwanamke kimeshika kipaza sauti. Mama yule akaniinamia, akasema, "Mwanangu, namsikia, ila simwoni." Ulipofika ubeti wake akainuka kwenda kutunza, na aliporudi kitini alikuwa na habari mpya: "Kumbe kajitanda ushungi wa kijani. Na muda wote anatabasamu."

Meza yetu haikuwa mbali. Ni hatua ishirini hivi kutoka jukwaani.

Tangu usiku ule, kila ninapokwenda kwenye shoo natazama fedha ya mwanga imekwenda wapi, na mara nyingi naikuta kwenye skrini. Promota anapopanga bajeti, skrini huandikwa juu, sauti ikafuata, na taa zikapewa kilichobaki. Fundi taa anaitwa siku yenyewe, saa kumi jioni, anaambiwa atundike alizonazo pale palipobaki nafasi.

Wanaoitetea skrini wana hoja nzito. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Aliyekaa jukwaa la mbali humwona msanii mdogo kama punje ya mchele, na hakuna taa duniani itakayomkuza. Skrini inayorusha picha ya kamera humletea mtu huyo macho, jasho na meno ya msanii aliyemlipia kiingilio. Wanamuziki wa bendi ya U2 walipozunguka dunia mwaka 1997 na skrini kubwa ya LED nyuma ya jukwaa lao, walikuwa wanajibu swali hilohilo la viwanja vikubwa. Zaidi ya hapo, kikundi cha maigizo kinachosafiri kwa basi la kukodi hakiwezi kubeba kuta za mbao na vitambaa vya kuchora. Kwa skrini, onyesho la kwanza linakuwa Kariakoo na la pili linakuwa baharini, bila kumwajiri seremala. Kisha kuna mdhamini, ambaye anataka nembo yake ionekane, na bila fedha yake shoo nyingi zisingefanyika kabisa. Vijana wanaotengeneza picha zile za kutembea nao wamepata kazi ambayo miaka ishirini iliyopita haikuwepo hapa kwetu.

Hoja hizi nazikubali. Ninachokataa ni kuufanya ukuta unaowaka kuwa mwanga wa jukwaa. Skrini inajimulika yenyewe, na aliyesimama mbele yake anabaki na mgongo wenye mwanga na uso wenye giza.

Skrini za nje hutengenezwa ili zishindane na jua la mchana, na nyingi hufikia niti (kipimo cha mng'ao wa skrini) 5,000 au zaidi. Simu yako, ukiitazama sebuleni usiku, inatosheka na niti mia moja au mia mbili. Skrini ile ikiwashwa ndani ya ukumbi karibu na nguvu yake yote, mboni ya jicho la mtazamaji hujibana, na chochote kisichong'aa sawa na skrini kinazama gizani. Kamera ya simu hufanya vivyo hivyo, tena vibaya zaidi: inapima mwanga mkali ulioko nyuma, inapunguza picha nzima, na uso unatoka mweusi tii. Asubuhi klipu zinasambaa, na ndani yake mwimbaji wetu ni kivuli mbele ya tangazo.

Kwa ngozi zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, lakini huurudisha kwa mng'ao: juu ya shavu, kwenye paji la uso, ukingoni mwa pua. Ukiipiga mwanga mkali wa mbele tu, unaifanya bapa. Ukiiletea mwanga wa pembeni, na mwingine wa nyuma juu ya bega, uso unachongeka na kila mstari wa hisia unasomeka hadi viti vya mwisho. Elimu hii si ngeni. Stanley McCandless wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika mwaka 1932 kwamba mwigizaji apate taa mbili za mbele, moja kila upande, zikishuka kwa nyuzi 45, moja ya rangi ya joto na nyingine ya ubaridi. Ongeza moja ya nyuma, au mbili. Kwa mwimbaji anayesimama mahali pamoja, hizo hazizidi taa nne. Gharama ya kuzikodi ni ndogo ukiilinganisha na ya ukuta wa skrini.

Lakini hata wapenzi wa taa, mimi nikiwa mmoja wao, tuna kosa letu. Tumejifunza kutoka vitabu vya Ulaya, na Ulaya ina mazoea ya kumkalisha mtazamaji gizani. Richard Wagner, mtunzi wa opera, alipofungua ukumbi wake kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, giza la upande wa watazamaji lilikuwa jambo la kushangaza. Leo linachukuliwa kuwa kanuni. Kwetu ngoma ya usiku ilichezwa chini ya karabai iliyotundikwa mtini, na karabai haikubagua: ilimulika mpigaji, mchezaji na bibi aliyekaa kwenye mkeka. Taarab nayo iko hivyo. Anayekwenda kutunza ni sehemu ya onyesho. Amevaa kwa ajili ya usiku ule, anachagua ubeti wa kuinukia kwa sababu unamsema yeye au jirani yake, na anataka aonekane akiinuka. Ukimzimia taa umemwondolea nusu ya kilichomleta. Hapa skrini ina sifa ambayo hata watetezi wake hawaitaji: mwanga wake unamwagikia watu. Usiku ule nilimwona kila aliyeinuka kwenda mbele, vito vyake na noti mkononi. Asiyeonekana alikuwa mwimbaji peke yake.

Tusiilaumu teknolojia ya LED yenyewe. Taa ya zamani ya PAR 64 ilikula wati 1,000. Ukitundika 60, umefika kilowati 60 kabla hujawasha spika, na sehemu kubwa ya umeme huo inaishia kuwa joto linalomtoa msanii jasho. Taa za LED za wati 200 zikiwa 60 zinakula kilowati 12. Kwa mtu anayenunua dizeli ya jenereta, hapo hakuna mjadala. Lakini skrini ya mita 40 za mraba ikionyesha weupe mtupu inaweza kula kuliko taa hizo 60 za LED kwa pamoja, kwa hiyo anayesema amechagua skrini ili kuokoa umeme apige hesabu upya. LED za bei rahisi nazo zina ila yake: nyingi huchanganya nyekundu, kijani na buluu tu, na weupe unaotoka humo huupa uso rangi ya majivu. Balbu ya zamani ilipopunguzwa ilikwenda wekundu kama kaa la moto linalofifia, na ngozi nyeusi ilipendeza mno chini yake. LED nzuri, yenye rangi ya kaharabu ndani yake, inakaribia hapo. Fundi anayejua tofauti hiyo asikilizwe.

Kuna na suala la uzito. Tarehe 28 Julai 2022, kwenye Hong Kong Coliseum, skrini iliyoning'inizwa juu ya jukwaa la kundi la waimbaji la Mirror ilianguka juu ya wacheza shoo, na mmoja wao akaumia vibaya sana. Kwenye pwani yetu, kaskazi inapovuma, skrini iliyosimamishwa mahali pa wazi ni tanga lisilo na baharia. Sijaona mapromota wengi wakiuliza nani amekagua vyuma vilivyoibeba.

Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, hunikumbusha kwamba si kila mahali panahitaji ukuta mwingine. Kuta zile za mawe ya matumbawe zina mashimo, makovu na vivuli vyake. Taa iliyowekwa chini na kuelekezwa juu inazifanya zipumue. Kuzifunika kwa skrini ni kulipa fedha ili uondoe uzuri uliopewa bure. Uwanjani ni tofauti, na pale ningeikodi skrini bila kusita, ila ningeipeleka pembeni mwa jukwaa irushe sura ya msanii, na nyuma yake ningeacha giza ambalo taa zinaweza kulichora.

Kwa ukumbi wa kawaida, wa watu mia tatu au mia tano, ningepanga hivi: kwanza taa za uso, kisha za meza za mbele, na fedha ikibaki, skrini, ishushwe hadi moja ya kumi ya nguvu yake. Nembo ya mdhamini itasomeka vizuri tu. Na kabla milango haijafunguliwa, mtu mmoja asimame penye kipaza sauti na mwingine akae kiti cha mwisho na simu ya kawaida, ampige picha. Kama macho hayaonekani kwenye picha hiyo, fundi taa apewe nusu saa zaidi, hata kama watu wameshapanga foleni nje.