Huku hawakuniuliza nimetumwa na nani

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi za manispaa hapa Göteborg, Uswidi, kuulizia uwanja wa watoto uliozungushiwa uzio bila sisi majirani kuambiwa sababu. Nilijiandaa kama nilivyozoea: barua mkononi, "YAH: OMBI LA KUPATIWA MUHTASARI WA KIKAO", jina kamili, anwani, na aya nzima ya kujieleza. Mama wa mapokezi hakuisoma. Aliuliza kikao cha mwezi gani, akachapa, akanipa kurasa sita. Jina langu hakulitaka. Nyaraka isipokuwa ya siri, sheria hapa haimruhusu kuuliza mimi ni nani wala naitakia nini.

Nikakaa nje kwenye benchi, nikamkumbuka baba.

Mwaka juzi, kule nyumbani Tanzania, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaomba kusomewa mapato na matumizi ya michango ya zahanati. Msingi upo, nondo zimesimama zinaota kutu, magugu yamefika kiunoni. Jibu alilopewa: "Mzee, umetumwa na nani?" Watu wakainamisha vichwa. Aliyeuliza hela yake akarudi nyumbani akiwa mtuhumiwa.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba ughaibuni umenilewesha, kwamba nimekaa kwenye joto la nyumba ya watu nawasema walio juani. Basi mfungue daftari la michango ya zahanati ile, jina langu mtalikuta humo. Ninauliza kama mchangaji.

Mwingine atasema wenzetu ni matajiri, tuwaache. Lakini Uswidi ilipitisha sheria ya kufungua nyaraka za serikali mwaka 1766, na mmoja wa walioipigania zaidi ni kasisi Anders Chydenius, kutoka upande ambao leo ni Ufini. Ilikuwa nchi ya wakulima, na hata miaka 100 baadaye, 1867 hadi 1869, njaa iliwapiga, wakawa wanapanda meli kwenda Marekani kwa maelfu. Wala haikuwa safari ya kunyooka: Mfalme Gustav III aliibana sheria ile miaka michache tu baada ya kupitishwa, na ikabidi ipiganiwe upya. Hawakusubiri kushiba ndipo waulize.

Na sisi hatukuanza jana. Sheria yetu ya mwaka 1982 inatupa Mkutano Mkuu wa Kijiji: kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mimi huku nachagua diwani, basi. Sina mkutano wa kusimama mbele ya jirani zangu wote nikayakataa mahesabu. Kitu kile ni chetu, nakionea fahari, na ndiyo maana naumia kikigeuzwa mahali pa kutangaziwa michango mipya. Sheria ya kupata taarifa nayo tunayo tangu 2016. Karatasi tunazo! Kinachotushinda ni lile swali, umetumwa na nani.

Majirani zetu Uganda walishalipima jambo hili. Miaka ya 1990 ilibainika kuwa shule za msingi zilikuwa zinapata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kuchapisha kiasi kinachotumwa magazetini, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Upotevu ukashuka sana. Tangazo lililobandikwa ukutani lilimpa mzazi cha kuulizia.

Ndiyo maana nawaambia hata Waswidi ninaofanya nao kazi, maana kodi yetu sote, yangu ikiwemo, inasaidia utawala bora Afrika Mashariki: semina zina kazi yake, watu hujifunza. Lakini kabla ya semina ya pili, mtu aende ofisi ya kijiji asome ubao wa matangazo. Akikuta tangazo la chanjo la miaka mitatu iliyopita na hakuna hesabu ya robo mwaka, amepata taarifa yake yote ya mradi.

Zahanati imetangaziwa mchango mwingine. Nitatoa, kwa sababu mama zetu wanajifungulia njiani. Nimemtumia baba pesa na nakala ya kifungu cha mkutano wa kijiji, kwa maandishi makubwa asome bila miwani. Amesema ataketi mstari wa mbele.