Diwani Haina Kosa kwa Kukosa Hadithi

Inaudhi kumkuta msomaji ameipa diwani ya mashairi nyota mbili kati ya tano kwa hoja kwamba haina hadithi, na wenzake wakamwitikia bila hata mmoja kutaja ubeti wowote. Diwani haikumwahidi mtu hadithi. Ubishi wangu uko hapo: kabla hujasema kitabu ni kibovu, sema kwanza kilikusudia nini, kisha tuoneshe kilipokwama.

Tuanze na mashairi, maana ndiyo yanayoonewa zaidi. Lisome shairi kwa sauti, mara mbili. Likiwa tarbia ya kimapokeo, ubeti una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani (silabi) 16, yaani nane katika kila kimoja cha vipande vyake viwili. Hesabu kwa vidole. Mizani ikipungua au ikizidi, ulimi unajikwaa, na hapo umepata hoja ambayo mwingine anaweza kuihakiki mwenyewe. Njoo kwenye vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Je, neno la mwisho limeitwa na maana, au limeburutwa ili kina kitimie? Liondoe uone, maana ikibaki ileile, mshairi alikuwa anajaza nafasi. Kama shairi ni huru, acha kuhesabu, utazame mistari inakatwa wapi na mkato huo unaleta nini. Kulilaumu shairi huru kwa kukosa vina ni kulilaumu kwa kuwa shairi huru.

Riwaya ya upelelezi ina mtihani mwingine kabisa. Mhalifu akishafichuliwa, rudi nyuma utafute dalili zilizomwelekea. Ukizikuta mahali ulipopita bila kuziona, mwandishi amekushinda kihalali. Usipozikuta, au mhalifu akiwa ameingizwa katika sura ya mwisho, umedhulumiwa, na una haki ya kuandika hivyo. Jina la mhalifu lifiche, tafadhali. Na ukisema ulimjua mapema, sema ulimjulia sura ya ngapi.

Kwenye vitabu vya historia, sifa ya "kinasomeka vizuri" haitoshi hata kidogo. Anzia nyuma: kuna marejeo, kuna fahirisi, yaani orodha ya majina na mada pamoja na kurasa zake? Kisha chagua dai moja zito na ufuate tanbihi yake, ile maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja chanzo. Dai likisimama juu ya kitabu kingine kisicho na chanzo, utamu wa lugha haukiokoi. Lakini kipimo hicho usikihamishie kwenye tamthilia. Ukiishutumu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kwa kutofuata hatua kwa hatua historia ya Vita vya Maji Maji, vita vya kuupinga utawala wa Wajerumani, umeruka utangulizi, ambamo mwandishi mwenyewe anamtenga Kinjeketile wa jukwaani na yule wa historia.

Kitabu cha mafunzo kitende kwanza. Kinachofundisha ushonaji, shona vazi moja kwa kufuata hatua zake tu, bila kujazia kwa ujuzi wako. Vingi hukwama palepale: kifaa kinatajwa hatua ya saba wakati hakikuwamo kwenye orodha ya mwanzo, kipimo kimeachwa, au mchoro uko kurasa nne mbele ya maelezo yake. Mapungufu hayo ndiyo mnunuzi anayotaka kuyajua. Kitabu cha watoto wadogo msomee mtoto, uangalie anapoacha kusikiliza.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba kuchoka ni maoni halali. Ila sema umechokea ukurasa wa ngapi, na umechoshwa na nini: mandhari yaliyoelezwa mno, mazungumzo yanayorudia tunayoyajua, wahusika sita walioletwa kwa mkupuo katika sura moja. Apendaye maelezo marefu ya mandhari atakitafuta kitabu hicho kwa sababu ileile iliyokukimbiza wewe. Ukiishia njiani, taja ulipoishia, maana nyota za nusu kitabu haziwezi kuhukumu mwisho wake.

Kilichofasiriwa, taja mfasiri na toleo. Sentensi iliyokukwaza huenda ni ya mfasiri wala si ya mwandishi, na huenda toleo jingine limeinyoosha. Na jalada likifika limechanika, mlalamikie muuzaji. Mwandishi hana hatia hapo.