Kabla ya kununua seva, hesabu watu na vifaa

Ofisi ikiamua kuhamia kwenye kompyuta pepe, yaani kazi za watu kuendeshwa ndani ya seva badala ya kwenye kompyuta zao, swali la kwanza huwa "tununue seva gani?" Naona huko ni kuanzia mwisho. Seva ikielemewa utaiongezea kumbukumbu. Leseni ukizikosea, hujui mpaka siku ya ukaguzi, au asubuhi ambayo ofisi nzima imefungiwa nje.

Nazungumzia Windows Server pamoja na Remote Desktop Services (RDS), yaani watu wengi kuingia kwenye seva moja, kila mmoja na kipindi chake. Kila anayeingia huko anahitaji leseni mbili za kuitumia seva, ziitwazo CAL: CAL ya Windows Server na CAL ya RDS. Ukiona profoma ina moja tu, uliza nyingine iko wapi.

Pili, CAL hazihesabu walio ndani kwa wakati mmoja. Una wafanyakazi 60 na hawazidi 40 kwa pamoja? Bado unanunua 60. Unafuu upo kwenye kuchagua kati ya CAL ya mtu na CAL ya kifaa. Kituo cha simu chenye kompyuta 30 na watu 90 wa zamu tatu kinahitaji CAL 30 za kifaa; kikinunua za mtu kitalipia 90. Afisa mwenye kompyuta ya mezani, laptopu na tableti anatoshwa na moja ya mtu. Ila tahadhari: CAL za mtu zikiisha, seva haimzuii mtu wa 61. Inamwingiza kimya kimya, na deni linajilimbikiza mpaka mkaguzi abishe hodi.

Kisha kuna siku 120 za neema, ambazo RDS inafanya kazi hata kama leseni hazijawekwa. Fundi anaweka mfumo, kila kitu kinafanya kazi, analipwa, anaondoka. Miezi minne baadaye, saa mbili asubuhi, watu wanaandika nywila na dirisha dogo linawaambia hakuna seva ya leseni inayopatikana. Basi, hakuna anayeingia. Kazi haijaisha mpaka hatua hizi zifanyike: amilisha seva ya leseni, pakia CAL, andika jina la seva hiyo na aina ya CAL kwenye sera ya kikundi (Group Policy, mipangilio ya pamoja ya Windows), halafu fungua RD Licensing Diagnoser, zana ya kukagua leseni, uone kama kuna onyo. Angalia na toleo: CAL za 2019 hazifai kwa seva ya 2022, lakini za 2022 zinakubalika kwa seva ya 2019. Nunua mpya hata kama seva bado ni ya zamani.

Sasa ndiyo seva. Kwa kazi za kawaida za ofisi, watu wanne kwa kila prosesa pepe ni mwanzo mzuri. Kumbukumbu napiga GB 3 kwa mtu, kwa sababu kivinjari chenye kurasa kumi ndicho kinachokula, si Word. Watu 20 ni GB 60, ongeza 4 za mfumo wenyewe: mashine pepe moja (kompyuta ya programu ndani ya seva ya chuma) ya GB 64. Kwa watu 40 weka tatu, ili moja ikianguka mbili zibebe wote. Zigawe kwenye seva mbili za chuma. Windows Server Standard, ukishalipia kori zote, yaani viini vya prosesa (zisipungue 16 kwa kila seva), inaruhusu mashine pepe mbili, kwa hiyo unapata nafasi nne: tatu za watumiaji, moja ya leseni. Diski ziwe SSD. Watu 40 wakiingia ndani ya dakika kumi, diski za kuzunguka zinakwama na lawama zote zinaenda kwa intaneti.

Kumpa kila mtu mashine pepe yake yenye Windows 11 sikushauri, labda programu yake ikatae kushirikiwa. Windows iliyokuja na kompyuta ya dukani hairuhusiwi kuhamia kwenye seva. Unahitaji Windows Enterprise au VDA, leseni ya kufikia Windows iliyo kwenye seva, ambayo ni ada ya kila mwaka.

Office nayo ina masharti yake. Microsoft 365 Business Standard haina ruhusa ya kuamilishwa kwenye kompyuta ya pamoja, kama seva hii ya watu wengi. Business Premium na E3 zinayo. Ukikosea hapa, Word itafunguka kwa kusoma tu.

Na wingu? Azure Virtual Desktop, yaani kompyuta pepe kwenye Azure, wingu la Microsoft, inafaa kwa watu waliotawanyika, na kituo cha Azure cha karibu nasi Afrika Mashariki kiko Johannesburg. Lakini Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na Kenya ilizorota kwa siku kadhaa. Ofisi ya jengo moja iliyo na kompyuta zote winguni, siku kama hizo inakaa bure. Kama wingu ndilo chaguo lako, lipia laini mbili za intaneti, na uwatake watoa huduma wote wawili wakuonyeshe njia zao hadi baharini: zikipita waya mmoja, umelipia laini moja mara mbili.