Mjomba Nilimpeleka Akatie Ila

Chombo Nungwi, huku kaskazini mwa Unguja, hakinunuliwi na mtu mmoja. Unakwenda na mtu wa kutia ila. Wewe mwenye pesa unasimama kando, mikono mfukoni, kama mpita njia asiye na haja, na mwenzako anazunguka chombo akigonga mbao na kuguna: mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, umepinda, mataruma, zile mbavu zake, yamekaa mbalimbali, pamba ya kalafati ya kuziba maungio imetiwa kwa ubahili. Kila mguno unashusha bei kidogo. Fundi naye analijua hilo, anaguna vyake, mwisho mnakutana njiani.

Mtu wangu alikuwa mjomba, ndugu yake mama tumbo moja. Alikuwa nahodha enzi za majahazi, akipeleka boriti za mikoko huko juu kaskazini wakati wa upepo wa kusi na kurudi na ule wa kaskazi. Tangu magoti yamkatae bahari, anashinda barazani akitia ila dunia nzima. Chai ina majani machache. Khutba ilikuwa ndefu. Simba wamecheza ovyo, Yanga wameshinda kwa bahati. Nikasema huyu fundi hatamwezea.

Chombo chenyewe kilikuwa mashua mpya, futi 24, bado mbao hazijaonja chumvi. Aliyeiagiza alikuwa mtu wa kupeleka watalii kisiwa cha Mnemba. Alitoa arubuni kisha akapotea, simu haipokelewi. Mashua ikabaki mchangani inapigwa jua, na fundi mbao zake keshazilipia. Kwa akili yangu, mtu wa namna hiyo anauza hata kwa hasara. Mimi nilikuwa na milioni 5 nilizodunduliza kazini, na nia yangu ilikuwa kuikabidhi mashua kwa wavuvi wa kwetu, chombo kipate fungu lake katika mgao na mimi nile fungu la chombo nikiwa nimekaa mjini.

Ndani ya gari la 116, daladala la Nungwi, tukapanga ishara. Mjomba akishika ndevu, bei bado iko juu. Akishika kofia, nikubali haraka kabla fundi hajabadili nia. Mjomba masikio yake mazito, kwa hiyo ilinibidi nirudie kwa sauti, na tulipofika Mkwajuni gari zima lilikuwa linajua. Mama mmoja mwenye pakacha la muhogo alishauri ndevu na kofia tuzibadilishe, kwa sababu mafundi wa Nungwi hizo zetu wanazijua. Ningemsikiliza yule mama!

Fundi tulimkuta chini ya kibanda cha makuti, anazungusha keke kwa uta, anatoboa njia ya msumari. Karatasi hana, ramani hana, mafundi wa pale wanaunda chombo kizima kwa jicho. Tukasalimiana, tukaulizana hali, watoto, mvua, kisha mjomba akasema, "Hebu nikitazame hiki kibao chenu." Nikafurahi. Kuiita mashua kibao ni mwanzo mzuri.

Akaanza kuzunguka. Akapitisha kiganja ubavuni. Akainama omo, mbele ya chombo, akafumba jicho moja, akatazama mkuku mpaka tezi, nyuma kabisa. Nikasubiri mguno. Akaenda upande wa pili, akagusa maungio ya mbao kwa ukucha, akanusa kalafati. Mguno hakuna. Nikakohoa.

"Mjomba, mkuku vipi?"

"Umenyooka."

"Na mataruma?"

"Hebu njoo uone mwenyewe! Kila taruma limekatwa kwenye tawi lililopinda lenyewe. Hakuna lililolazimishwa hata moja. Subhanallah!"

Nikageuka, macho yamemlowa. Mtu aliyetia ila mpaka pilau ya harusi ya binti yake mwenyewe anashika fashini ya mashua na kulia.

"Lakini mjomba," nikasema kwa nguvu, "si ulisema ina ila?"

"Ila ipo." Akajipangusa uso, akamgeukia fundi. "Kijana, unauza ngapi?"

"Milioni 8, mzee."

"Hiyo bei ndiyo ila yenyewe."

Nilitaka kumbusu mkono. Mzee kumbe alikuwa anamvuta fundi polepole, mbinu za manahodha hizo.

"Kazi ya namna hii kwa milioni 8?" akaendelea. "Unajidhulumu. Na unawaharibia soko mafundi wenzako."

Fundi aliacha keke. Nadhani katika umri wake wote hajapata kukutana na mnunuzi wa aina hii. Akatutazama, mmoja mmoja, kisha akasema kwa adabu kubwa, "Basi sema wewe, mzee wangu."

"Milioni 4!" nikadakia. Hakuna aliyenitazama.

Na hapo upepo wa kusi ukazidi. Pale ufukweni Nungwi kusi ikiamua kuvuma inachukua hata khanga kwenye kamba. Kila nikimtazama mjomba, kashika kofia. Fundi hajataja bei mpya, mjomba kashika kofia. Fundi anakunywa maji, mjomba kashika kofia. Nikamuuliza kwa macho: ni ishara au ni upepo? Akaongeza mkono wa pili.

Walipoanza kuulizana nasaba nikajua mambo yameshaniponyoka. "Wewe mtoto wa nani?" Fundi akamtaja baba yake. Mjomba akakaa juu ya gogo. Kumbe marehemu baba yake fundi ndiye aliyemtengenezea mjomba jahazi, mchanga ule ule, zamani hizo, na zikabaki shilingi 300. Mjomba aliahidi kuzileta akirudi safari. Akarudi, msimu ukapita, mwingine ukaja, mpaka aliyekuwa akimdai akazikwa.

Sasa deni la maiti si jambo la kulifanyia mzaha, hata mimi nilinyamaza. Mjomba akasema haondoki Nungwi mpaka lilipwe kwa warithi. Akapekua mifuko, ikatoka nauli na tasbihi. Akanitazama.

Likafuata baraza refu kuliko mazungumzo ya mashua yenyewe: shilingi 300 za wakati ule ni ngapi leo? Mmoja akataka ihesabiwe kwa mchele. Mwingine kwa kitoweo, kwamba wakati ule nguru mzima ulikuwa unampata kwa pesa gani. Mzee mmoja aliyekuwa amelala kivulini akaamka mahususi kutoa hoja kwamba deni la chombo lihesabiwe kwa misumari. Watalii wawili wakasogea kupiga picha, wakidhani ni ibada. Hesabu ya misumari ikapita. Laki 4. Nilizitoa mimi, noti za elfu kumi kumi nilizozifunga mpira wa kijani, na kwenye mashua yenyewe bado sijaendelea hata hatua moja.

Ikabaki silaha ya mwisho, kuondoka. Silaha hii haijapata kumwangusha aliyeitumia. Unasema "basi, mimi nakwenda zangu," unatembea pole pole, na kabla hujafika mbali unaitwa: njoo bwana, njoo tuzungumze. Nikasema. Nikatembea. Nikapunguza mwendo. Nikafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa makubadhi. Kimya. Nikafika kituoni, nikajiambia nikae ndani ya gari, watamtuma mtoto aje kuniita. Gari la 116 linajulikana, haliondoki mpaka abiria wa mwisho awe ananing'inia. Siku hiyo nilipoweka mguu tu konda akapiga bati, "Twende!" Kumbe abiria wa mwisho nilikuwa mimi. Nimebanwa katikati ya magunia ya dagaa, napiga kelele "shusha!", na muziki uko juu yangu. Nilishuka Kidoti. Nikarudi kwa bodaboda, na dereva nilimlipa alichotaka bila kupatana, nilikuwa sina tena nguvu hiyo.

Nikawakuta wanakunywa kahawa na kashata.

"Ulikuwa wapi?" mjomba akauliza. "Tumekusubiri mpaka tumechoka. Tumeshamaliza, na Fatiha tumesoma."

"Bei gani?"

"Milioni 8. Haikupanda hata shilingi, nimekuzuilia." Akaniambia na masharti: tano kasoro hizo laki 4 natanguliza, zilizobaki nalipa kidogo kidogo kila bamvua, yaani kila maji makubwa, wavuvi wakipata. Fatiha ikishasomwa huwezi kuivunja mbele ya wazee, utaishi wapi?

Nikauliza tanga liko wapi. Wote wawili wakanitazama kwa huruma. Bei ile ni ya bodi. Tanga lina mshonaji wake, mlingoti na foromali, mti wa kufungia tanga, vina mwenyewe, nanga inanunuliwa mjini, na shahamu, mafuta ya kupaka chini, unachemsha wewe.

Siku ya kushua, kuiteremsha mashua majini, nitaipitisha haraka, kwa sababu inaniuma kwenye mchele. Bamvua ilipojaa wakaja wanaume wa kuvuta, na wote walikula, na waliokuja kutazama wakala zaidi. Mashua ilipogusa maji ikaanza kuingiza maji kila upande. Nilipiga ukelele. Mjomba hata hakugeuka: mbao zimekaa juani muda mrefu, zimekauka, ziache zinywe zivimbe zijibane zenyewe. Yeye alikaa tezi kashika usukani, kifua mbele. Mimi nilikuwa ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, na ndoo, nakumba maji. Kulipokucha tone haliingii. Haki ya mtu isemwe, ile mashua ni nzuri, na fundi yule sijaona wa kumfananisha naye.

Lililobaki nililijua baadaye, nilipopeleka fedha ya bamvua ya kwanza. Mwanafunzi wa fundi, kijana mwema asiyejua kuficha, akanisalimia na kuuliza, "Mzee hajambo? Zile laki 4 za udalali zilimfaa?"

"Laki 4 gani?"

"Si alizopewa siku ile, ulipokwenda Kidoti. Zilikuwa na mpira wa kijani."

Nilirudi mjini siku ile ile mpaka barazani kwa mjomba. Nikamweleza yote, kuanzia ndevu mpaka mpira wa kijani. Alinisikiliza vizuri, masikio siku hiyo hayakuwa mazito hata kidogo. Akamaliza kahawa yake, akasema haina tangawizi ya kutosha, kisha akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, fundi amenipa haki yangu, ni kweli, na wala sikumwomba. Lakini dalali hulipwa na pande zote mbili. Wako ndiyo bado naungojea, na nimeona haya kukudai."