Mnaokuja Kuala Lumpur, njooni mkiwa tayari kusoma

Kila msimu wa mahafali napigiwa simu na ndugu wanaokuja Kuala Lumpur, Malaysia, kuwaona watoto wao wakivaa joho, na swali la kwanza ni lile lile: tukapige picha wapi? Minara ya Petronas ipo, ghorofa 88, na usiku inawaka kama fedha iliyotoka kusuguliwa. Nendeni mkaione. Ila huu ni mwaka wangu wa saba hapa, na mgeni kutoka nyumbani nikimwambia jambo moja tu, nitamwambia ajiandae kusoma. Kwetu mtu anafika kwa kuuliza. Huku anafika kwa kusoma vibao.

Ukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi hujui pa kwenda, kabla hujaweka begi chini umeshaulizwa na watu watatu unaelekea wapi. Konda wa daladala atakuita mama, atakuonyesha kiti, na akisahau kukushusha abiria wa nyuma atapaza sauti, "Konda, mama anashuka hapa!" Siku yangu ya kwanza nilisimama katikati ya stesheni kuu, KL Sentral, nikisubiri mtu aone kwamba nimepotea. Watu walipita kulia na kushoto, kila mmoja na simu yake. Juu ya kichwa changu kulikuwa na kibao chenye rangi za njia zote za treni, na sikukiangalia hata mara moja. Usiku ule niliwaandikia nyumbani kwamba watu wa huku hawana utu. Nilikosea, nitafika huko.

Kwanza safari yenyewe. Kabla ya kuondoka, jazeni mtandaoni fomu ya kuingia nchini, inaitwa MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Uwanja wa ndege uko Sepang, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Treni ya moja kwa moja inachukua kama nusu saa. Basi lina nauli ndogo sana lakini linakula saa nzima au zaidi. Mkifika mjini nunueni kadi ya Touch 'n Go, muweke salio, mguse getini kama tunavyofanya na N-Card kwenye kivuko cha Kigamboni. Kadi hiyo hiyo inapanda treni na mabasi. Usiku, au mkiwa na mizigo, iteni gari kwa programu ya Grab: bei mnaiona kabla ya kupanda, hakuna kupatana. Soketi za ukutani ni za pini tatu kama zetu. Bebeni sweta, kwa sababu ndani ya treni na maduka makubwa kuna baridi ya kuumiza mifupa, na mwavuli, maana mvua ya alasiri hapa haibishi hodi. Mkitaka kupiga simu nyumbani, kumbukeni saa 6 mchana ya huku ni saa 1 asubuhi ya Dar.

Na nawasihi, msibebe kifurushi cha mtu msiyemjua, hata akilia mbele yenu kwamba ni dawa ya mama yake. Sheria ya dawa za kulevya katika nchi hii inafika hadi kunyongwa. Huruma yetu ya kusaidiana mizigo, ambayo nyumbani ni heshima, uwanja wa ndege inaweza kumpoteza mtu.

Kutembea kwa miguu sitawadanganya. Njia ya waenda kwa miguu inakatika ghafla, duka unaliona kwa macho ng'ambo ya barabara na kulifikia ni robo saa. Katika hili Kuala Lumpur na Dar ni ndugu wa baba mmoja: yote miwili ni miji iliyomfikiria mwenye gari kwanza.

Sasa nieleze nilivyokosea. Julai moja shangazi yangu alikuja kutoka Unguja. Siku ya tatu alikataa kabisa chakula cha maduka makubwa, basi asubuhi nikampeleka Kampung Baru, mtaa wa zamani wa Wamalei wenye nyumba za mbao, minara ikiwa inaonekana kwa nyuma. Mama mmoja alikuwa na meza yake kando ya barabara. "Apa khabar?" akasema. Shangazi, bila kungoja nimtafsirie, akajibu, "Nzuri, habari za kwako?" Akafungua jani la mgomba: wali uliopikwa kwa tui la nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, vipande vya tango, nusu yai, na pilipili ya kusaga nyekundu yenye utamu kwa mbali. Akanusa. "Mwanangu, huu si wali wetu?" Nikamwambia hapa unaitwa nasi lemak. Yule mama akatuvutia viti, akataka kujua shangazi ana watoto wangapi, akamwongezea dagaa bila malipo.

Mama wa umri ule huitwa makcik, yaani shangazi au mama mdogo. Dereva aliyekuzidi umri kidogo ni abang, kaka. Waiteni hivyo, mtaona nyuso zinavyobadilika. Utu upo. Nilikuwa nimeutafuta stesheni, mahali ambapo kibao kimeshafanya kazi ya konda.

Na hapo ndipo naona wivu wangu. Simwonei mtu wivu kwa minara. Nataka mama yangu asimame kituoni Dar, asome mwenyewe basi linakuja saa ngapi na linaishia wapi, asitegemee bahati ya kumpata konda mwema. Akishapanda, bado aulizwe habari za nyumbani. Wapo wanaoniambia mji ukipangika watu wanapoa. Wakae kwenye meza ile ya Kampung Baru asubuhi moja.

Juni hadi Agosti ni msimu wa tunda la doriani. Hoteli na treni haziruhusu kuingia nalo kwa ajili ya harufu, kwa hiyo lileni pale pale kwa muuzaji. Atawapa glavu za plastiki. Shangazi alizikataa.