Mdhamini wa Jaribio Anadaiwa Maelezo

Mwaka jana shangazi yangu alipewa fomu ya ridhaa katika kliniki anakotibiwa shinikizo la damu, akaambiwa aende nayo nyumbani aisome kabla ya kukubali kushiriki katika jaribio la dawa lililodhaminiwa na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Fomu ilikuwa na kurasa 11. Aliisoma taratibu kwa miwani yake hadi alipofika mahali palipoandikwa kwamba mshiriki "atapangiwa kundi kwa nasibu", akaweka kidole juu ya neno lile na kuniuliza: "Mwanangu, huyu Nasibu ndiye daktari atakayenihudumia?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mtaani kwetu Nasibu ni jina la mtu, na fomu nzima haikuwa na sentensi hata moja ya kumweleza kwamba dawa atakayopewa haitachaguliwa na daktari wala na yeye mwenyewe, bali itategemea bahati, kama watu wanavyopiga kura kwa vikaratasi vilivyokunjwa. Tangu siku ile nimeshikilia kwamba chuo kikuu kinachodhamini jaribio la kitabibu kinadaiwa maelezo yanayoeleweka kama kinavyodaiwa dawa salama, na kwamba deni hilo halilipwi kwa tafsiri ya neno kwa neno.

Tuanze na neno mdhamini, kwa sababu wengi hulichukua kwa maana ya mpirani, yule ambaye jina lake huandikwa kifuani mwa jezi. Katika utafiti wa tiba, mdhamini yuko karibu zaidi na yule anayesimama mahakamani kumwekea mtu dhamana: ndiye anayewajibika kwamba jaribio limepangwa vizuri, limeruhusiwa na kamati za maadili, linasimamiwa, na likimdhuru mtu lipo la kufanywa. Anayetoa fedha ni mfadhili, naye anaweza kuwa mwingine kabisa.

Mfano ninaoukumbuka kila mara ni jaribio la FEAST, lililodhaminiwa na Imperial College London kwa fedha za Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, likiongozwa na Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Lilifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwa mojawapo. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, na ukibonyeza ukucha wake damu inachukua sekunde 3 au zaidi kurudi, je, awekewe maji mengi ya dripu kwa haraka? Miongozo ya tiba ilisema ndiyo. Kwa mtoto wa kilo 10, hiyo ilikuwa na maana ya mililita 200 hadi 400 katika saa ya kwanza.

Kwa kila mtoto, mtabibu wa jaribio alifungua bahasha iliyofungwa, isiyopenya mwanga, na kilichoandikwa ndani ndicho kilichoamua kama mtoto angepewa maji ya chumvi kwa kasi, albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, au asipewe maji ya kasi kabisa. Bahasha ile ndiyo nasibu aliyoiuliza shangazi. Watoto wote waliendelea kupata matibabu mengine waliyohitaji, kama dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu.

Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri jaribio lisimamishwe. Katika saa 48 za kwanza walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa kasi na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, lakini asilimia 7.3 tu ya wale ambao hawakupewa maji ya kasi. Yaani katika kila watoto 100, takriban 3 zaidi walipotea kwa tiba ambayo madaktari wengi waliiamini kwa moyo safi. (Watoto wenye upungufu wa maji kwa sababu ya kuhara hawakuhusishwa, kwa hiyo asitokee mtu wa kumnyima mtoto wa aina hiyo maji kwa kusoma makala haya.)

Ninapomsikia mtu akisema kwamba vyuo vya Ulaya huja kutufanya panya wa maabara, namwelewa, kwani hofu hiyo haikuzuka hewani. Lakini namwomba aitazame hesabu hii. Bila bahasha zile, vifo hivyo vingehesabiwa kuwa kazi ya malaria, na tiba ingeendelea kupendekezwa. Tena sioni kampuni ya dawa ambayo ingekuwa na haraka ya kugharimia utafiti wa kuonyesha kwamba maji ya chumvi yatumike kidogo zaidi. Maswali ya namna hiyo hubaki kwa vyuo vikuu na taasisi za umma, na ndiyo maana nataka vije kwetu, ila vije vikizungumza na watu.

Kuna jambo la FEAST lililonipa taabu kulikubali. Mtoto alipoletwa akiwa mahututi, mzazi alielezwa kwa ufupi kwa mdomo na kuulizwa kama anakubali, kisha ridhaa kamili ya maandishi ikaombwa baadaye hali ilipotulia. Nimefika mahali pa kuona kwamba mama aliyembeba mtoto anayehema kwa shida hawezi kusomewa kurasa 11, na kumsomea kungekuwa ni kumchelewesha mtoto. Hata hivyo, anayepunguza maneno mlangoni anajiongezea wajibu wa kuyatimiza baadaye, na matokeo yanapotoka, mama yule ayasikie kwa lugha yake kabla hayajazeeka kwenye majarida asiyoweza kuyasoma.

Shangazi hakutia sahihi siku ile. Alirudi kliniki wiki iliyofuata akiwa na maswali manne kwenye karatasi: atakuwa kundi gani, nani atajua, akiumwa usiku ampigie nani, na jaribio likiisha dawa ataipata wapi. Muuguzi mmoja alikaa naye karibu nusu saa, akakunja vikaratasi viwili mezani kumwonyesha. Matatu yalijibiwa. La nne, la dawa baada ya jaribio kuisha, muuguzi alisema ataliuliza kwa wakubwa, na shangazi akaikunja fomu yake akairudisha mkobani kulisubiri jibu.